Risasi Moja, Siku Nne: Mtazamaji na Sinema za Wadunguzi Zisizoisha

Hotuba hii imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti, wapenzi wa sinema, salaam.

Naanza na swali, na kila mmoja ajibu kimoyomoyo. Sinema ya mdunguzi inapotoka sehemu ya pili, ya tatu, au ya saba, ukishaitazama hadi mwisho sentensi yako ya kwanza huwa ipi? Kwa kawaida huwa moja kati ya nne, na palipo na watazamaji watano utazisikia zote kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupanda. "Ile ya mwanzo ilikuwa kali zaidi." "Mdunguzi wa kweli hafanyi vile." "Risasi nyingi, hadithi hakuna." Na ya nne hutoka kwa yule aliyewachoka wote watatu: "Jamani, si sinema tu?"

Hawa wanne hugombana mpaka usiku. Ninachodai jioni hii ni kwamba wote wanne wanalalamikia kitu kimoja, na kitu hicho ni bei. Risasi ya mdunguzi ni ghali. Hulipwa kwa muda, kwa hesabu, kwa mwili wa mtu, na kwa usingizi wake wa baadaye. Sehemu ya kwanza huonyesha malipo. Sehemu zinazofuata, mara nyingi mno, huonyesha risiti tu.

Twende Vietnam. Carlos Hathcock alikuwa mdunguzi wa kikosi cha Marine cha Marekani, na alikuwa na desturi ya kuchomeka unyoya mweupe kwenye kofia yake. Mwaka 1967 aliombwa ajitolee kwa kazi ambayo hakuelezwa undani wake kabla ya kukubali: kumpiga jenerali ndani ya kambi yake. Kwa kazi hiyo aliuvua ule unyoya. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alitambaa kwenye uwanja wa wazi wa zaidi ya mita 1,300, sentimita kwa sentimita, siku nne na usiku tatu bila kulala. Doria za adui zilipita karibu kiasi cha kumkanyaga. Nyoka nusura amuume. Alipofika mita mia sita na kitu kutoka kwa jenerali, alipiga risasi moja. Kisha, ndugu zangu, ilimbidi atambae kurudi, huku kambi nzima ikimtafuta.

Risasi moja, siku nne. Sasa tazameni mwendelezo wa kawaida unavyoifanya kazi hiyohiyo. Steringi anashuka kwenye helikopta. Picha inakatwa. Yuko juu ya paa. Picha inakatwa. Mtu ameanguka. Nani alipata kiu? Nani alijikojolea palepale kwa sababu kuinuka ni kufa? Mtazamaji anayesema "hadithi hakuna" haombi mazungumzo zaidi. Mara nyingi mazungumzo yamejaa tele, tena ya kupigiana kelele kwenye vyumba vya kompyuta. Anaomba kusubirishwa. Anaomba mwongozaji amlaze chini pamoja na yule mtu, walau kwa dakika nne.

Na kusubiri kuna vitu vya kuonekana kwa macho. Chukueni lile vazi la manyoyamanyoya ambalo kila bango la sinema hizi hulitumia. Msingi wake ni wavu, na juu ya wavu zimeshonwa nyuzi na vipande vya gunia la juti, mgongoni na mabegani. Upande wa kifua huachwa bila nyuzi, hushonewa turubai, kwa sababu ndio unaoburuzwa chini. Juu ya juti huchomekwa majani ya palepale. Palepale! Majani yaliyokatwa hunyauka baada ya saa chache za jua, rangi yake ikageuka, na mdunguzi aliyelala na majani ya jana anaonekana kama kichaka kilichokufa katikati ya vichaka hai. Akitoka msituni kuingia kwenye majani makavu, lazima avue na kuchomeka upya. Kwa hiyo ukimwona steringi amevuka kutoka msitu mbichi mpaka kwenye mawe makavu na majani yake bado ya kijani kibichi, huhitaji kuwa umepitia jeshini ili ulalamike. Umeona kwa macho yako kwamba hakuna muda uliopita.

Nije kwa wale wa "mdunguzi wa kweli hafanyi vile". Watu hawa hawapendwi. Huambiwa wanaharibu raha. Mimi nawatetea, kwa sharti moja: waseme kosa ni nini na limeiba nini.

Tufanye hesabu kidogo, msiogope. Ndani ya darubini ya bunduki kuna vijialama, na nafasi kati yake hupimwa kwa mili. Mili moja ni sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, na ni mita 1 kamili kwenye mita 1,000. Kama huna kipima umbali cha leza, unachukua urefu wa kitu kwa mita, unazidisha kwa 1,000, unagawa kwa mili unazozisoma. Mtu wa mita 1.8 aliyejaza mili 2.25 yuko mita 800. Sawa? Sasa tuseme hukujua kwamba yule bwana ni mfupi kidogo, ana mita 1.65. Kumbe yuko mita 733. Umekosea mita 67, na ulikosea kwa sababu ulimkadiria urefu tu, lakini kwa risasi ya udunguzi ya milimita 7.62 iliyolengwa kifuani kosa hilo linatosha kuipitisha juu ya kichwa chake.

Endeleeni nami. Bunduki hiyo, ikiwa imerekebishwa kwa mita 100, inahitaji kuinuliwa kiasi cha mili 9 ili ifike mita 800, kwa maana njiani risasi inashuka karibu mita 7. Kirungu kilicho juu ya darubini husogea sehemu ya kumi ya mili kwa kila kliki. Mili 9 ni kliki ngapi? Tisini! Hapo hatujagusa upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni, upepo wa kupeperusha majani tu, unaisukuma risasi hiyo pembeni kwa mita moja na nusu hivi.

Basi mnaporudi kwenye sinema, muulizeni mwongozaji jambo moja. Steringi ameweka msalaba wa darubini katikati ya paji la uso la mtu aliye mita 800. Mkono wake uligusa kirungu? Tulisikia kliki? Kama tulisikia, vizuri, msalaba ukae usoni. Kama hatukusikia, basi msalaba ulipaswa kuwa juu hewani na pembeni, mahali pasipo na mtu, na hiyo ndiyo ingekuwa picha ya kusisimua: mtu analenga hewa tupu kwa imani ya hesabu zake. Wanaotengeneza sinema hizi wamekalia dhahabu, wanaitupa ili waweke uso mkubwa ndani ya duara jeusi.

Na sauti. Oo, sauti! Risasi tunayoizungumzia hufika mita 800 kwa sekunde moja na nusu hivi. Mlio husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hufika baada ya sekunde mbili na theluthi. Maana yake nini? Maana yake, ukiwa upande wa anayepigwa, mwenzako anaanguka kwanza. Pamoja na kuanguka kwake unasikia mpasuko mkali, kama kiboko, kwa kuwa risasi inakimbia kuliko sauti. Kisha unapita muda, karibu sekunde nzima, ndipo linapokuja "du" la mbali. Katika pengo hilo kila mtu aliye hai anajiuliza: imetoka wapi? Ukiwa upande wa mpigaji, mambo ni kinyume. Mlio kwanza, halafu kimya, halafu mtu anaanguka kwa mbali kama picha isiyo na sauti.

Hofu yote ya udunguzi imo katika pengo hilo. Na ni kitu cha bure! Hakihitaji kulipua gari. Lakini mhariri anaunganisha mlio na kuanguka kwenye fremu moja, "pa!" na mtu chini, kana kwamba walikuwa meza moja.

Kwa kupita tu niseme kuhusu kiwambo cha kuzuia sauti. Bunduki za aina hii hutoa desibeli 160 na zaidi, na kiwambo kizuri hupunguza 20 hadi 35. Kinachobaki si "fyu" ya kumfanya mlinzi wa mlango wa pili asigeuke. Na ule mpasuko wa risasi inayokimbia kuliko sauti hakiuondoi kabisa. Kinachosaidia kweli ni kwamba adui hajui mlio ulitokea upande gani. Hilo nalo lingepaswa kuonyeshwa, kwa maana linatisha kuliko kimya.

Jambo la tatu. Mnafahamu kwamba mdunguzi wa jeshi kwa kawaida si mmoja, bali ni wawili, mpigaji na mwangalizi wake?

Novemba 2009, huko Musa Qala, mkoa wa Helmand, Afghanistan, mwanajeshi wa Uingereza Craig Harrison aliwapiga watu wawili waliokuwa na bunduki ya rashasha, kwa umbali wa mita 2,475. Habari zilienea dunia nzima zikiwa na namba hiyo moja. Kilichoachwa nje ya vichwa vya habari ni hiki: yeye na mwangalizi wake walitumia risasi kama tisa kwanza kutafuta umbali. Tisa za kukosa! Tena siku yenyewe ilikuwa ya bahati, upepo umetulia na macho yanaona mbali. Zilipopatikana namba, ndipo risasi mbili mfululizo zikafika, na ya tatu ikaiharibu ile rashasha.

Nani katika mwendelezo wowote anakosa mara tisa? Steringi akikosa mara moja, jua kwamba waandishi wanamwandalia kisa cha kutetemeka mkono kwa sababu ya mke wake.

Mwangalizi ndiye anayesema "chini, kulia kidogo". Hukaa karibu kabisa, nyuma kidogo ya bega la mpigaji, lenzi yake ikifuata mstari wa mtutu, kwa sababu kutoka hapo anaweza kuuona mchirizi wa hewa ambao risasi inauacha, kama mkunjo unaokimbia kwenye maji. Husoma mvuke wa joto juu ya ardhi: ukipanda wima kama sufuria inayochemka, hakuna upepo wa ubavuni, ukilala na kutiririka, upepo upo, na anakadiria nguvu yake kwa mlalo huo. Maneno yao ni machache mno. "Mita 780." "Nimepata." "Kushoto, mili moja na nusu." "Tayari." "Piga." Katika timu nyingi mwenye uzoefu zaidi ndiye aliyeshika lenzi, na mdogo ndiye aliyeshika bunduki.

Sasa angalieni waandishi wa mwendelezo wanavyomfanya. Ama wanamuua ndani ya robo saa ya kwanza ili steringi apate kisasi, ama wanamgeuza kuwa mchekeshaji. Na hapo makosa yote mengine huanza kumiminika, wala si kwa bahati mbaya. Ukimwondoa mwangalizi, umeondoa mdomo wa kusema hesabu. Hakuna tena wa kuambiwa umbali, hakuna wa kubishana juu ya upepo, hakuna wa kusema "huyo simjui, usipige". Kinachobaki ni sura ya mtu mmoja amekunja jicho. Tena sote tunajua steringi hafi. Mtu pekee ambaye tungemhofia alikuwa yule wa pembeni yake.

Ndiyo maana wazee wa aina hii ya sinema hurudi kila siku kwenye ile ya mwaka 1993, Sniper, ya Tom Berenger na Billy Zane. Haikuwa sinema ya fedha nyingi, wala haikosi makosa. Lakini ilikuwa ya watu wawili msituni Panama wasioaminiana: Beckett aliyezoea kuua, na Miller, bingwa wa shabaha ambaye hajawahi kuua mtu. Risasi zake ni chache ukilinganisha na zilizofuata. Mwishoni Beckett anakatwa kidole cha kufyatulia. Fikirini hilo kama watu wanaopanga mwendelezo! Mdunguzi bila kidole! Mwaka 2002 ilipokuja sehemu ya pili, akarudi bila kidole hicho, na watazamaji wengi waliisamehe mambo mengi kwa sababu hiyo tu: deni la sinema ya kwanza lilikuwa bado mkononi mwake, linaonekana.

Kufikia hapo mfululizo huo ulikuwa umeacha majumba ya sinema na kuhamia kwenye video za nyumbani. Mwaka 2011 akaletwa mtoto wa Beckett, Brandon, aliyeigizwa na Chad Michael Collins, na mpaka leo sinema zimepita kumi. Je, ni vibaya? Siwezi kusema hivyo. Wapo wanaomfuata Brandon kama ndugu yao, na mtu anayetazama sinema ya nane anataka kumwona ndugu, hataki mtihani wa fizikia. Lakini bajeti inapopungua kuna mahali huvuja, na mtazamaji mzuri apajue.

Angalieni bega. Bunduki ya milimita 12.7 aina ya Barrett ina uzito wa kilo 14 hivi. Kifaa cha mdomoni mwa mtutu hutupa gesi pande zote mbili, na vumbi hupaa kama mtu amepigwa na kimbunga. Kwenye ardhi kavu wapigaji hulowesha udongo au hutandika kitambaa. Simo Häyhä, yule mdunguzi wa Ufini katika vita vya majira ya baridi vya 1939 na 1940, alifanya jambo hilohilo kwa bunduki ndogo tu: aliigandisha theluji mbele ya mtutu isipeperuke, na aliweka theluji mdomoni ili pumzi yake isionekane. Wala hakutumia darubini. Alipendelea vilengeo vya kawaida vya chuma vilivyo juu ya mtutu, kwa sababu darubini humlazimu mtu kuinua kichwa zaidi, na kioo chake humeta juani.

Kwa hiyo steringi akisimama wima, ameibeba Barrett mikononi kama mwavuli, akapiga mara tano juu ya paa lenye vumbi, vumbi lisitikisike na bega lisitikisike, mnajua kilichotokea. Ule moto wa mtutu umechorwa kwenye kompyuta wiki kadhaa baadaye. Tazameni na maganda ya risasi: yanatoka? Yanaanguka mahali? Yana kivuli?

Sasa wale wa "si sinema tu". Wana haki yao, na nawapa. Sinema lazima ifupishe. Sinema lazima ichague. Risasi iliyopita ndani ya darubini ya adui mpaka jichoni ni kisa cha Hathcock huyohuyo, nacho kimeingia kwenye sinema nyingi. Mnaikumbuka kwenye Saving Private Ryan ya 1998, yule mdunguzi Jackson na adui aliye mnarani, mvua ikinyesha. Je, jambo hilo hutokea kila siku? La. Lakini Hathcock alipoeleza kwa nini lilitokea, nywele zilisimama: risasi ingeweza kupita katikati ya bomba lile tu ikiwa mwenzake naye alikuwa anamlenga yeye sawasawa. Zilibaki sekunde. Hiyo ndiyo bei yake. Sinema inayotumia picha hiyo ili tujue wawili hawa walikuwa wameonana, imeitumia kwa halali. Sinema inayoirudia mara tatu ndani ya saa moja na nusu imeigeuza pambo.

Na kosa si lazima liwe la bunduki. American Sniper ya Clint Eastwood, mwaka 2014, ilishinda Oscar ya uhariri wa sauti, na kwenye sauti kweli walifanya kazi. Watazamaji walicheka nini? Mwanasesere. Kwenye onyesho la nyumbani, Bradley Cooper amempakata mtoto, na mtoto ni wa plastiki, anasogezwa mkono kwa kidole gumba. Mamilioni ya dola, na kilichovunja imani ni mtoto mchanga. Sasa yule wa "si sinema tu" naye alicheka siku ile! Kumbe naye ana mpaka wake. Ana mahali ambapo akiuziwa bandia anajua.

Basi mnapotoa maoni juu ya sehemu ijayo, naomba vitu vitatu vidogo. Usiseme "si halisi". Sema onyesho gani, umbali gani, na kilichokosekana. Usiseme "ya kwanza ilikuwa bora". Sema ya kwanza ilimgharimu nani, na hii imemgharimu nani. Na ukipenda sinema yenye makosa, sema umeipenda kwa sababu gani, usijifiche nyuma ya neno burudani, maana mara nyingi utakuta umeipenda kwa sababu mtu fulani pale pembeni ya steringi alikuwa na jina, na ulitaka arudi nyumbani.

Baada ya mapumziko tutatazama onyesho moja la dakika sita. Mara ya kwanza tutalitazama bila sauti. Kila mtu aangalie mkono wa kushoto wa mpigaji na ahesabu mara anazogusa kirungu. Mara ya pili tutarudisha sauti, na mtakapouona moshi wa mtutu, anzeni: moja, mbili. Wenye viti vya nyuma wasogee mbele, kirungu chenyewe ni kidogo.